Mgonjwa anaposema hajambo: kupima mahitaji ya tiba shufaa na majonzi wodini

SWALI

Shikamoo daktari. Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya kilichoko kisiwani, wilayani Ukerewe. Wodi yetu ina vitanda vichache, na wagonjwa wenye saratani au maradhi sugu ya ini hufika kwetu baada ya kuruhusiwa kutoka hospitali za Mwanza mjini, wengine wakiwa na barua isemayo tu kwamba waendelee na huduma karibu na nyumbani. Nina maswali mawili. La kwanza, nitamtambuaje mgonjwa anayehitaji tiba shufaa, na nimpime kwa kutumia nini? Tumejaribu fomu ya maswali kumi ya Chama cha Tiba Shufaa cha Afrika na kujumlisha alama, lakini wagonjwa wawili ambao hali zao zilikuwa tofauti kabisa walipata jumla moja. La pili, nitatenganishaje huzuni ya kawaida na ugonjwa? Kuna mama aliyefiwa na mumewe, mvuvi, katika wodi yetu wiki tano zilizopita. Tangu mazishi huja kila Jumatatu, siku aliyofariki mumewe, hukaa kwenye benchi nje ya wodi hadi saa sita mchana, kisha huondoka. Hulia, halali vizuri, na anasema usiku humsikia mumewe akikohoa. Wenzangu wanataka tumwandikie rufaa ya afya ya akili. Mimi nasita. Nifanyeje?

JIBU

Marahaba, muuguzi, na poleni kwa kazi. Nimeyasoma maswali yako mara mbili na naona yanakaribiana kuliko yanavyoonekana, kwa sababu yote mawili ni maswali ya wakati. Katika tiba shufaa kosa letu kubwa ni kuchelewa kupima. Katika majonzi ya waliofiwa kosa letu kubwa ni kuwahi kuyapa jina la ugonjwa. Nitaanza na la kwanza, na mama wa Jumatatu nitamfikia mwishoni.

Wahudumu wengi, wakimwona mgonjwa wa namna unayoieleza, hujiuliza amebakiza muda gani, na kwa kuwa jibu halijulikani, huahirisha. Swali hilo lina kazi yake, lakini silo la kuanzia. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2002 kwamba tiba shufaa ni huduma ya kuboresha maisha ya mgonjwa na familia yake wanapokabiliwa na ugonjwa unaotishia uhai, kwa kuyatambua mapema na kuyapima kwa makini maumivu na shida nyingine za mwili, za nafsi na za kiroho, na kwamba inaweza kuanza mapema, sambamba na matibabu yanayokusudia kurefusha maisha. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziiingize huduma hii katika ngazi zote za mfumo wa afya, ikiwemo ngazi ya msingi, yaani vituo kama chako. Kwa hiyo hata mtoto mwenye uvimbe wa taya wa aina ya Burkitt, saratani tunayoifahamu vizuri huku Kanda ya Ziwa na ambayo wengi wanaowahi dawa hupona, anahitaji kupimwa maumivu na hofu yake tangu siku ya kwanza. Hatuhitaji kuamua kama atapona au hatapona ndipo tumuulize kinachomtesa.

Kwa kuchuja, mimi hutumia dalili zilizomo katika chombo kiitwacho SPICT, kilichoanzia Edinburgh, Uskoti, kwa sababu hakuna hata moja inayodai maabara. Je, mgonjwa amelazwa bila kupangiwa zaidi ya mara moja katika miezi ya karibuni? Amepungua uzito, au nguvu zake zimeshuka kiasi kwamba sasa anategemea mtu kuoga, kuvaa au kwenda msalani? Je, dalili zinaendelea kumsumbua ijapokuwa anapata matibabu yanayostahili? Anayemuuguza amechoka, au mgonjwa mwenyewe ameanza kusema kwamba hataki tena kusafirishwa? Ukikuta dalili mbili au tatu kwa mtu mwenye saratani, ini lililoharibika, moyo au figo zilizoshindwa, au VVU iliyofika mbali, usisubiri barua ya bingwa. Fungua ukurasa wa tiba shufaa katika faili lake siku hiyohiyo.

Sasa fomu yenu. Mmechagua chombo kizuri, tena kilichotengenezwa kwa ajili ya wagonjwa wa Afrika, na tatizo mlilokutana nalo halitokani na chombo bali na kujumlisha. Kati ya maswali yake kumi, saba ni ya mgonjwa na matatu ni ya ndugu anayemuuguza, na kila moja hujibiwa kwa alama kuanzia 0 hadi 5 kwa kuangalia siku tatu zilizopita. Alama hizo, hata hivyo, hazielekei upande mmoja. Katika swali la maumivu, la dalili nyingine na la wasiwasi, 5 ni hali mbaya kabisa. Lakini katika maswali ya kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama anaona maisha yana thamani, kama ana amani, na kama familia imepata msaada wa kupanga ya mbele, 5 ni hali njema kabisa. Kwa ndugu nako ni hivyohivyo: kupata maelezo ya kutosha na kujiamini katika kumuuguza mgonjwa ni mema, kuwa na hofu juu yake si jema. Ukijumlisha bila kugeuza, mgonjwa anayeungua kwa maumivu lakini ana amani ataweza kulingana na mgonjwa asiye na maumivu ambaye amekata tamaa ya maisha. Wote wawili wanateseka, ila mmoja anahitaji dawa usiku huu na mwingine anahitaji mtu wa kukaa naye.

Mtafiti anayelinganisha makundi ya wagonjwa anaweza kugeuza alama za upande mmoja na kupata jumla yenye maana. Wewe uliye kando ya kitanda usijumlishe kabisa. Lisome kila swali peke yake, lilinganishe na alama yake ya wiki iliyopita, na mbele ya kila alama mbaya andika utakachofanya na nani atakifanya. Alama isiyo na kitendo mbele yake ni wino uliopotea, tena ni kumkosea mgonjwa, kwa maana umemfanya afungue kidonda kisha ukaondoka. Asiyezoea namba muulize kwa mkono: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, kiganja chenye vidole vyote vitano ni maumivu yasiyovumilika. Sijaona mzee wa mwaloni, kule ufukoni wanakoshusha samaki, aliyeshindwa kujibu kwa mkono.

Kuna jambo moja ambalo hakuna fomu inayolieleza, nalo lipo ndani ya lugha yetu wenyewe. Sisi tunaposalimiana, jibu limekwisha kupangwa. Ukimuuliza mgonjwa hajambo, atasema hajambo. Ukimuuliza anaendeleaje, atasema anamshukuru Mungu, na atasema hivyo hata akiwa hajalala siku tatu. Hasemi uongo, anaitikia salamu kama alivyolelewa, na kutoitikia kungekuwa utovu wa adabu. Kwa sababu hiyo nimewazoeza vijana ninaofanya nao kazi waimalize salamu kwanza, kwa Kiswahili au kwa "mwangaluka" ya Kisukuma ikibidi, wavute kiti, wakae, kisha ndipo waulize swali lisilofanana na salamu: "Mzee, jana usiku ulilala saa ngapi, na ni nini kilichokuamsha?" Swali la usingizi hupita pale ambapo swali la hali hukwama. Vilevile zingatia maneno. Mgonjwa akisema ana mawazo mengi, usiandike "hana shida ya kisaikolojia" kwa kuwa hakutaja huzuni, maana mawazo ndiyo jina ambalo watu wetu wengi hulipa wasiwasi na sonona, yaani huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa. Akisema moyo unamuuma, hakikisha kama ni kifua au ni roho.

Nililijifunza hilo kwa gharama ya mgonjwa. Miaka mingi iliyopita, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, tulimlaza mvuvi mzee mwenye saratani ya kibofu, ugonjwa ambao huku kwetu mara nyingi una mizizi yake katika kichocho. Siku tatu mfululizo nilimuuliza maumivu mbele ya mwanawe mkubwa, siku tatu akanionyesha kidole kimoja, na mimi nikaandika moja katika faili. Usiku wa tatu muuguzi wa zamu alinipigia simu kuniambia kwamba mzee hajawahi kulala chali tangu aje. Hukaa ukingoni mwa kitanda ameshika chuma hadi kunapambazuka. Asubuhi nilimwomba kijana akatafute chai, nikauliza upya, na mzee akaufungua mkono wote. Alikuwa akiificha morfini ya maji, dawa kali ya maumivu, chini ya kitanda, kwa kuwa aliamini ni dawa ya mwisho ambayo mtu hupewa ili aondoke, na hakutaka mwanawe amwone akiipokea. Faili langu lilikuwa sahihi kwa namna ya kuandikwa, na lilikuwa limemwacha mtu katika mateso kwa siku tatu. Tangu hapo kila mgonjwa wangu huulizwa angalau mara moja akiwa peke yake, na kila anayeandikiwa morfini huulizwa ameisikia vipi dawa hiyo huko nyumbani kabla ya kuelezwa chochote.

Kwa kuwa nimeitaja, niseme kidogo. Kwa mtu mzima ambaye hajazoea dawa za kundi la morfini tunaanza na miligramu 2.5 hadi 5 kwa mdomo kila baada ya saa 4, pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu dozi ya kwanza, kisha tunapima tena baada ya kama saa moja na kabla ya dozi inayofuata. Figo zikiwa zimedhoofika, jambo linalotokea sana katika saratani ya kibofu na ya shingo ya kizazi kwa sababu uvimbe huziba mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo, dozi hupunguzwa na nafasi kati ya dozi huongezwa, na hapo ushauri wa daktari ni wa lazima. Mgonjwa mwenye kidonda kinachotoa harufu mpime pia kwa swali la nani amekuja kumtembelea wiki hii. Harufu huwafukuza watu kabla ya kifo kuwafukuza, na vidonge vya metronidazo vilivyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda vimewarudisha ndugu wengi kitandani. Kwa mtoto mchanga au asiyeweza kusema, tumia kipimo cha FLACC, ambacho huangalia uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na jinsi anavyobembelezeka, kila kimoja alama 0 hadi 2. Na mgonjwa akijua Kikerewe au Kijita tu, mtafute mkalimani mtu mzima. Usimtumie mtoto wake kumtafsiria habari za kifo cha mzazi wake.

Hapa ndipo swali lako la pili linapoanza, maana majonzi hayaanzi siku ya mazishi. Mke anayeuguza hulia usiku kwa ajili ya mtu aliye hai bado. Mgonjwa mwenyewe huyalilia maisha yake, nguvu zake, mtumbwi aliouuza ili alipie matibabu. Hii ni huzuni ya kujiandaa, na mara nyingi huja kwa mawimbi: leo analia, kesho anacheka na mjukuu. Sonona kwa kawaida haiachi nafasi hiyo. Mtu hafurahii chochote, hata kile alichokuwa akikipenda. Hujiona hana thamani, hujiona mzigo, na hali hiyo humkalia karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi. Kupungua uzito, uchovu na kukosa hamu ya kula havikusaidii kutofautisha, kwa sababu saratani peke yake huvileta. Uliza furaha, uliza thamani, na uliza waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Huzuni ya kujiandaa hutaka kusikilizwa. Sonona hutibika hata kwa mtu ambaye ugonjwa wake hautibiki, na ni makosa kusema "nani asingehuzunika katika hali yake" kisha ukaiacha.

Kwa ndugu, yale maswali matatu ya mwisho ya fomu ndiyo mwanzo wa kupima hatari ya majonzi magumu. Ongeza mengine kwa maneno yako mwenyewe. Anauguza peke yake? Ni mzazi anayempoteza mtoto? Ana historia ya ugonjwa wa akili, au amefiwa na mwingine hivi karibuni? Akifa mgonjwa, nyumba na shamba vitabaki kwa nani, na je, hilo limezungumzwa wakati mwenyewe angali anaweza kusema? Nimeona wajane ambao msiba wao uligeuka kuwa kesi ya mali kabla hata matanga hayajaanuliwa, na majonzi ya namna hiyo hayaponi kwa ushauri nasaha peke yake. Yanahitaji wosia ulioandikwa mapema na ofisa ustawi wa jamii anayejua kinachoendelea. Waangalie hasa wale ambao jamii haiwapi nafasi ya kulia: mwanamke wa kambi ya wavuvi ambaye hatambuliwi na ukoo wa marehemu, mama aliyejifungua mtoto mfu na kuambiwa atapata mwingine, mvuvi aliyenusurika pale mwenzake alipozama. Ninyi wa Ukerewe hamhitaji kufundishwa juu ya vifo vya majini. MV Nyerere ilizama karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na sisi wa mjini tunapita Igoma kwenye makaburi ya waliokufa na MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996. Kifo cha ghafla, na zaidi kile ambacho mwili haukupatikana, kiandike katika faili la afya la mtu kama unavyoandika shinikizo la damu, kwa maana kitamfuata mtu huyo katika kila ugonjwa atakaougua baadaye.

Kuhusu kuyaita majonzi ugonjwa, vitabu vya uainishaji vina tahadhari ambayo wengi hawaisomi. Uainishaji wa Magonjwa wa Kimataifa, toleo la 11, ulioanza kutumika Januari 2022, unataka iwe imepita angalau miezi 6 tangu kifo kabla ya kusema kwamba mtu ana ugonjwa wa majonzi ya muda mrefu. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, katika marekebisho ya mwaka 2022, unataka miezi 12 kwa mtu mzima na 6 kwa mtoto. Na muda peke yake hautoshi: lazima iwepo hamu kali ya marehemu au kumwaza kusikokatika, pamoja na maumivu makubwa ya moyo, kiasi kwamba mtu anashindwa kufanya shughuli zake, na hali hiyo izidi waziwazi desturi ya jamii na dini yake. Dodoso za majonzi ya namna hii, kama ile yenye vipengele 13 ijulikanayo kama PG-13, zilitengenezwa kwa ajili ya kipindi hicho cha baadaye. Ukimpa mtu aliyefiwa wiki tano zilizopita, utapata alama kubwa na hutakuwa umepima ugonjwa wowote. Vilevile usitumie zile hatua tano za kukana, kukasirika na nyinginezo kama ngazi ya kumpima aliyefiwa. Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na watu waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe, na hazikuwa kipimo.

Kabla sijamfikia mama yako, neno moja kuhusu ninyi. Hukuuliza, lakini kituo kidogo humuuguza mtu anayejulikana kwa jina na ukoo, na wauguzi hawapewi matanga. Mgonjwa akifariki, zamu ikae dakika tano, kila mmoja ataje alichokiona na kinachomsumbua, kisha kazi iendelee. Muuguzi anayeanza kuikwepa korido fulani, au anayezungumza kwa ukali na ndugu wa mgonjwa ambapo zamani hakuwa hivyo, aulizwe kwa upole na mkubwa wake kabla hajaandikiwa barua ya onyo.

Sasa mama wa benchi. Anachokueleza, kulia, kukosa usingizi, kumsikia mumewe akikohoa, ni mambo yanayowapata waliofiwa wengi wenye akili timamu katika miezi ya kwanza, na mtu aliyekisikiliza kikohozi cha mumewe kwa miezi mingi kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuamka na kumwinua, haishangazi kwamba masikio yake bado yako zamu. Kusita kwako ni sahihi. Lakini kutomwandikia rufaa sasa hakumaanishi kutompima. Jumatatu akija, usimwite ofisini, kaa naye pale pale benchini. Mpe pole, mwache amtaje marehemu kwa jina, kisha uulize mambo manne: anakula na nani, watoto wanaangaliwa na nani, ukoo umesema nini kuhusu nyumba, na kama kuna wakati anatamani kumfuata mumewe. Wengi watasema ndiyo kwa hilo la mwisho wakiwa na maana ya kumkumbuka tu, kwa hiyo endelea kuuliza kama amewaza namna ya kufanya na kama ana kitu cha kufanyia. Akiwa na mpango, au ameacha kula na kunywa, au watoto hawana mwangalizi, au sauti anazozisikia zinamwamuru kujidhuru, hapo usingoje hata kivuko cha kesho. Asiachwe peke yake, na rufaa iandikwe siku hiyo.

Kama hakuna hayo, andika tarehe, andika majibu yake kwa maneno yake mwenyewe, na umuulize jambo ambalo pengine hakuna aliyemuuliza, nalo ni kile anachokisubiri pale nje. Wajane kadhaa niliowauliza hivyo walikuwa na swali kwetu sisi: kama dawa ya mwisho ndiyo iliyomuua, kama angepona wangemwahisha Mwanza, kama aliwaita wakiwa wametoka kuoga. Uwe na faili la marehemu mkononi, umjibu kweli. Kisha panga kumwona tena karibu na arobaini, tena mwezi wa tatu, na mwezi wa sita, ukimtumia mhudumu wa afya wa jamii wa kijijini kwao ikiwa safari ni ndefu. Mwezi wa sita, kama bado anakuja kila Jumatatu na ameshindwa kurudi kwenye dagaa zake, niandikie tena, nasi tutampima kwa ile dodoso ya majonzi kwa wakati wake.